Redio Ndani ya Pipa

Boti za abiria zinazotoka Kibirizi, Kigoma, kwenda kaskazini hupita chini ya milima ya Gombe kwa muda mrefu kabla ya kufika Mwamgongo. Mkono wa kulia ni hifadhi: msitu umeshuka na makorongo mpaka mchangani, na nyani wanaokota riziki yao ufukweni. Hifadhi inapokwisha kijiji kinaanza, nyumba zimebanana kati ya mlima na maji. Kwa kuwa njia kuu ya kijiji hiki ni Ziwa Tanganyika, vitu vizito vimekuwa vikifika kwa boti, na mapipa ya mafuta ya injini ni miongoni mwake. Pipa likishamaliza kazi hiyo halitupwi. Linawekwa maji, linawekwa mawese, au linakatwa likawa jiko. Mimi niliomba moja kwa ajili ya somo la fizikia.

Lilikuwa pipa la kawaida la lita 200, limekatwa mfuniko wa juu, limelazwa mchangani. Nilichukua redio ndogo ya mfukoni, nikatafuta stesheni ya FM inayosikika vizuri, nikaikunja antena, nikaifunga redio kwenye ncha ya fimbo na kuanza kuisukuma ndani polepole. Mdomoni mtangazaji alisikika kama kawaida. Shubiri moja ndani, bado. Akaanza kukwaruza, na redio ilipofika katikati ya pipa ukabaki mvumo mtupu. Nikaivuta nje, akarudi. Kisha nikaiweka simu kwenye kitako kabisa cha pipa, nikamwomba kijana mmoja aipigie. Ikaita.

Watoto walishangilia. Mzee aliyekuwa akishona wavu pembeni aliinuka, akaja kuchungulia.

"Mwalimu, bati ni lilelile. Mbona redio imekufa na simu iko hai? Pipa linachagua?"

"Linachagua, babu," nilimjibu. Nimetafuta miaka mingi swali la kuanzia somo la fizikia ya kwantamu, na sijapata linalolishinda hilo.

Redio na simu hutumia mawimbi ya sumakuumeme, jamaa ya mwanga. Yanatofautiana kwa urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Stesheni ya FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Simu inayotumia megahezi 900 ina wimbi la sentimita 33. Mdomo wa pipa una kipenyo cha sentimita 57 hivi. Chuma hakivumilii umeme wa wimbi ulale sambamba na uso wake. Kwa hiyo wimbi linalotaka kusafiri ndani ya pipa lazima lijipange, umeme huo uwe sifuri ukutani na uvimbe katikati. Wimbi fupi linapata nafasi ya kujipanga hivyo, refu halipati. Kwa bomba la mviringo mpaka uko kwenye wimbi lenye urefu wa mara 1.7 ya kipenyo. Kwa pipa letu hiyo ni kama mita 1, sawa na megahezi 300. Nitauita mpaka huo kizingiti. Simu iko juu ya kizingiti, ikapita. FM iko chini yake, ikakwama.

Lakini kusema imekwama ni kusema haraka. Mtangazaji hakunyamaza mlangoni. Alizama shubiri nzima ndani ndipo sauti ikavunjika, na redio ya FM ina tabia ya kuuficha upungufu mpaka dakika ya mwisho. Nguvu ilikuwa ikipungua tangu sentimita ya kwanza. Ukipiga hesabu, wimbi la FM ndani ya pipa hilo hupoteza nusu ya nguvu yake katika kila sentimita 6, kasoro kidogo. Sita za kwanza, imebaki nusu. Sita nyingine, robo. Ukikaribia kitako, sentimita 88 kutoka mdomoni, imebaki sehemu moja kati ya elfu arobaini. Ni ndogo sana, ila ipo, na ingeendelea kuwepo hata kama pipa lingerefushwa mpaka Kagunga, mpakani na Burundi.

Wimbi linalofifia namna hii ni la aina yake. Mawimbi ya Tanganyika unaweza kuyafuata kwa jicho: kilele kinaondoka kule kwenye mtumbwi, kinakuja, kinavunjika miguuni pako. Hili halisogei. Linapanda na kushuka papo hapo, kila sehemu kwa wakati mmoja, ila kadiri unavyoingia ndani kimo chake kinazidi kufupika. Shika picha hiyo, tutaihitaji mbele.

Sasa kata kitako, pipa liwe wazi pande zote mbili. Kile kidogo kilichofika upande wa pili kinatoka, kinakuta nafasi pana, na kinasafiri tena kama wimbi kamili la megahezi 100, lenye wimbo uleule na sauti ileile, nguvu tu imepungua. Limevuka mahali ambapo halikuwa na ruhusa ya kusafiri. Elektroni inapofanya jambo hilohilo wanafizikia husema imepenya, na waandishi wa magazeti husema ni maajabu.

Kwa atakayejaribu nyumbani, tahadhari moja. Redio ya simu hutumia waya wa hedifoni kama antena. Waya huo ukianzia nje na kuingia ndani ya pipa, jaribio limeharibika, maana waya katikati ya bomba la chuma hufuta kizingiti chote na stesheni itasikika mpaka kitakoni. Waya wa antena ya televisheni, wenye uzi mmoja katikati na wavu wa chuma pembeni, unafanya kazi kwa sababu hiyohiyo: mwembamba kama penseli, lakini unapitisha mawimbi marefu bila shida.

Mafundi wa madishi wanaijua hesabu ya kizingiti kwa mikono yao. Nenda kwenye kibanda umiza chochote ambako vijana wamejazana kuangalia mpira, utazame LNB, kile kipokezi kilichoshikwa mbele ya dishi. Fundi hawezi kuchanganya LNB ya dishi kubwa la C-band na ile ya dishi dogo la Ku. Koo la ile ya kwanza lina upana wa sentimita 6 hivi, la pili kama sentimita 2. Koo hilo la Ku ni pipa letu lililopunguzwa: upana wake umepangwa ili mawimbi ya setilaiti ya gigahezi 11 au 12 yawe juu ya kizingiti. Ukilazimisha wimbi la C-band la gigahezi 4 liingie kwenye koo la milimita 19, litapoteza nusu ya nguvu kila milimita 2. Koo lenye urefu wa sentimita 4 tu lingebakisha sehemu moja kwa milioni. Hakuna picha itakayotoka hapo, hata dishi ulielekeze vizuri namna gani.

Haya yamejulikana tangu kabla ya redio kuwa kitu cha nyumbani. Mwaka 1897 Lord Rayleigh wa Uingereza alikokotoa jinsi mawimbi ya sumakuumeme yanavyopita ndani ya bomba la chuma, na kizingiti kikajitokeza kwenye hesabu zake. Katika miaka hiyohiyo, Calcutta, Jagadish Chandra Bose alikuwa akitengeneza mawimbi mafupi sana, ya kiasi cha milimita, na kuyapitisha kwenye mabomba. Aliyapitisha pia kwenye prizimu mbili zilizoachana kidogo. Kwa sheria za mwanga, wimbi lililogonga uso wa ndani wa prizimu ya kwanza kwa mshazari mkubwa lilipaswa kurudi lote. Bose alipozisogeza prizimu karibu, sehemu ya wimbi iliuvuka ufa wa hewa na kuingia kwenye ya pili. Alipozitenganisha, sehemu hiyo ilipungua mpaka ikatoweka.

Jaribio la Bose unaweza kulifanya mezani. Jaza maji kwenye bilauri, uishike, kisha tazama kwa mshazari kutoka juu kupitia maji, ukilenga ukuta wa ndani wa bilauri. Vidole vyako havionekani. Ukuta umekuwa kama kioo cha fedha. Sasa lowesha kidole na ukibonyeze kwa nguvu. Ghafla inaonekana michirizi ya ngozi, ile ya alama ya kidole, mmoja mmoja, na mabonde kati ya michirizi yanabaki ya fedha. Mwanga ulikuwa umefifia nje ya kioo kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Mchirizi uliokaribia ukaudaka. Bonde lililo mbali kidogo likaukosa. Huko ni kupenya, na hakuna mtu aliyewahi kutikiswa imani yake na bilauri ya maji.

Mtikisiko ulikuja mwaka 1926, Erwin Schrödinger alipoandika mlinganyo wa mawimbi ya maada. Elektroni, protoni, atomi nzima, vyote vikapewa wimbi. Weka karatasi ya Schrödinger kando ya ile ya Rayleigh, chukua frikwensi moja au nishati moja isiyobadilika, na utakuta ni mlinganyo mmoja wenye majina mawili. Penye kizingiti cha bomba, andika ukuta wa nishati. Penye frikwensi (kwa usahihi, mraba wake), andika nishati ya chembe. Mlinganyo unauliza swali moja kila mahali: hapa nishati inatosha? Ikitosha, wimbi linapanda na kushuka na kusonga mbele. Isipotosha, linafifia. Kufifia huko si kasoro ya ukuta wala ujanja wa chembe. Mlinganyo hauruhusu wimbi likatwe wima kama kitambaa kwenye mkasi. Lazima lishuke kwa mteremko, na mteremko unahitaji nafasi.

Miaka miwili baadaye, George Gamow, kijana wa miaka 24 aliyekuwa Göttingen, alilitumia jambo hili kutegua kitendawili cha madini. Ronald Gurney na Edward Condon walilifikia wakati huohuo kule Marekani bila kuwasiliana naye. Kitendawili chenyewe hakiko mbali na sisi. Ng'ambo ya ziwa, kusini mwa Katanga, kuna mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake ilitafutwa kwanza kwa ajili ya elementi ya radi (radiamu) iliyomo ndani yake, na baadaye ikaingia kwenye bomu la Hiroshima. Urani 238 hutoa chembe za alfa, lakini kwa uvivu usioelezeka: nusu ya atomi zake huchukua miaka bilioni 4.5. Poloni 212 nayo hutoa alfa, na nusu yake huisha ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde, haifiki hata nusu ya hiyo. Ukizilinganisha nyakati hizo mbili, moja ni kubwa kuliko nyingine kwa zaidi ya mara 1 ikifuatwa na sifuri 23. Na nishati za alfa zenyewe? Ya urani ni kama milioni 4.2 za elektroni-volti, ya poloni milioni 8.8. Mara mbili tu!

Mara mbili inazaaje tofauti kama hiyo? Rudi kwenye pipa. Moja linabakisha sehemu moja kwa elfu arobaini. Panga mawili, kitako kwa mdomo: hupati moja kwa elfu themanini, unapata moja kwa bilioni 1.6, maana pipa la pili linagawanya tena kilichokwisha gawanywa. Ndani ya kiini cha urani alfa imezungukwa na ukuta mrefu na mpana wa nishati. Kwa nishati yake ndogo inaugonga chini, ukuta ukiwa mnene. Alfa ya poloni inagonga juu zaidi, ambako ukuta umekuwa mwembamba. Tofauti ndogo ya unene inazidishwa na kuzidishwa mpaka inakuwa tofauti kati ya kufumba jicho na umri wa dunia. Gamow alipoiweka hesabu hiyo, uhusiano huo wa nishati na muda, uliokuwa umepimwa kwa miaka mingi bila sababu, ukapata sababu.

Si lazima uvuke ziwa kuitafuta kazi ya kupenya. Memori kadi unayojaziwa nyimbo kwenye vibanda vya simu pale Mwanga mjini Kigoma huhifadhi kila herufi na kila sauti kwa kufungia elektroni nyuma ya utando wa kioo wenye unene wa nanomita 10 au pungufu kidogo. Elektroni haina nishati ya kuuruka utando huo. Wakati wa kuandika, kadi hutumia volti kama 20, na ukuta wa nishati unainama upande mmoja, kileleni unakuwa mwembamba, elektroni zinapenya. Volti ikiondolewa ukuta unarudi unene wake na elektroni zinabaki ndani kwa miaka. Kwa lugha ya bomba, ni kama kulipanua polepole lifanane na tarumbeta: sehemu iliyo chini ya kizingiti inakuwa fupi, na wimbi linapata njia. Anayeweka bongo fleva kwenye kadi anafanya jaribio la Gamow mabilioni ya mara kwa dakika chache.

Mfanano huu una jambo moja linalonifurahisha kuliko yote. Wimbi la redio angani halina uzito. Ndani ya pipa, karibu na kizingiti, mlinganyo wake unaanza kufanana na wa chembe yenye uzito: inayokaribia kizingiti inakwenda polepole, na kwenye kizingiti chenyewe inasimama na kutikisika mahali pamoja. Uzito huo unaweza kukokotolewa. Kwa pipa la lita 200 ni mdogo kuliko wa elektroni kwa mara bilioni 400 hivi, lakini ni uzito, na umetokana na bati peke yake.

Ndiyo maana simkubalii anayesema kupenya ukuta ndilo ajabu la kwantamu. Kupenya ni tabia ya mawimbi yote, ya mtangazaji, ya mwanga kwenye bilauri, ya LNB iliyokosewa upana. Ajabu liko pengine. Wimbi la redio likifika kwenye pipa linagawanyika: sehemu kubwa inarudi, sehemu ndogo inapita, na ukiweka redio mbili zenye uwezo wa kutosha, moja mbele na moja nyuma, zote zitasikia wakati mmoja. Elektroni haifanyi hivyo. Wimbi lake linagawanyika, lakini ukiitafuta yenyewe utaikuta nzima, ama huku ama kule. Hakuna aliyewahi kudaka sehemu moja kwa elfu arobaini ya elektroni. Wimbi lake ni hesabu ya uwezekano, na hakuna bomba la chuma litakalokufundisha hilo. John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025 kwa kazi waliyoifanya Berkeley katikati ya miaka ya 1980, walipoonyesha kwamba hata sakiti ya umeme inayoshikika mkononi, yenye mabilioni ya elektroni zinazotembea pamoja, hupenya kwa mtindo huohuo: mkondo wote mzima unavuka, au hauvuki.

Kuna ugomvi wa zamani kuhusu muda. Kumbuka lile wimbi lisilosogea, linalopanda na kushuka kila mahali kwa pamoja. Ukiuliza limetumia muda gani kuvuka, unauliza jambo gumu, kwa sababu hakuna kilele cha kufuata. Mwaka 1992 Günter Nimtz na mwenzake Achim Enders, huko Cologne, walipima mabomba yaliyobanwa katikati mpaka chini ya kizingiti, wakaona kilele cha mpigo kinatokea upande wa pili mapema kuliko mwanga ungefika. Wengi waliruka kusema ujumbe umeushinda mwanga. Mimi niko na wale wanaopinga: kilele cha upande wa pili kimetokana na sehemu ya mbele kabisa ya mpigo, na ncha hiyo haijawahi kuuzidi mwanga. Kwa atomi jibu limeanza kupatikana kwa njia ya moja kwa moja zaidi; mwaka 2020 kundi la Toronto lilipima atomi za rubidi zinazopenya ukuta wa mwanga na kupata kama milisekunde 0.61 ndani ya ukuta. Ni muda unaopimika, na hiyo peke yake imenyamazisha dhana kwamba kupenya hakuchukui muda wowote.

Bado deni la babu wa Mwamgongo. Nilimwambia pipa linachagua, na nilimweleza kwa wimbi. Lakini mwanga nao, ukiupunguza sana, unakuja kwa chembe, fotoni, na redio si tofauti. Redio ndogo inasikika vizuri ikipata nguvu ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Kwa megahezi 100 hizo ni fotoni kama trilioni 15 kila sekunde, nyingi kiasi kwamba hazina tofauti na mkondo wa maji. Mwisho wa pipa moja lililo wazi zimebaki milioni mia kadhaa kwa sekunde. Bado ni mkondo. Panga mapipa matatu yaliyokatwa vitako, mdomo kwa mdomo, mita 2.6 za mchanga wa ufukweni. Sasa inavuka wastani wa moja kila sekunde nne hivi. Vyombo tulivyo navyo visingeisikia, kwa sababu joto lao wenyewe lina kelele zaidi ya hiyo. Lakini kama masikio yangetosha, mwisho wa mapipa hayo tusingemsikia mtangazaji aliyefifia. Tungesikia kimya, kimya tena, halafu mlio mmoja mkavu, mzima, kama ule wa kipima mionzi kilichowekwa juu ya jiwe la Shinkolobwe, na baada yake hakuna ajuaye ni sekunde ngapi hadi mwingine.